Kima cha chini cha mshahara kinamfikia nani?

Tarehe 1 Januari 2023, mshahara wa chini wa kisheria wa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake, Tanzania Bara, ulipanda kutoka shilingi 40,000 kwa mwezi hadi 60,000. Ni nyongeza ya asilimia 50. Ukiisikia hivyo kwenye taarifa ya habari utasema serikali imefanya jambo kubwa, na mwajiri naye atalalamika kwamba ametwishwa mzigo. Lakini zile 40,000 ziliwekwa Julai 2013. Kati ya hapo ilipita miaka tisa na nusu bila amri mpya ya mshahara, na kila mwaka mfumuko wa bei ulikuwa kati ya asilimia 3 na karibu 8. Ukijumlisha mwaka juu ya mwaka, bei kwa ujumla zilipanda kwa takriban nusu. Kwa hiyo dada aliyelipwa 60,000 mwaka 2023 alinunua unga, sabuni na vocha kiasi kile kile ambacho mwenzake wa 2013 alikinunua kwa 40,000. Hakuongezewa chochote, alirudishiwa tu kile ambacho bei zilikuwa zimekila.

Na huyo ndiye aliyebahatika. Kima cha chini cha mfanyakazi wa shambani kilitoka 100,000 hadi 140,000. Cha biashara na viwanda kilitoka 115,000 hadi 150,000. Wote hao, kwa nguvu ya kununua, walirudi nyuma siku ile ile waliyotangaziwa kwamba wameongezwa.

Kila Mei Mosi swali huulizwa kwa namna moja: kima kiongezwe au kisiongezwe? Vyama vya wafanyakazi hutaja bei ya unga, nauli na kodi ya chumba. Waajiri hutaja gharama za uzalishaji na hofu ya kupunguza watu. Kila upande husema unamtetea maskini, na mimi naamini kila upande unasema kweli, ila wanamzungumzia maskini tofauti. Mmoja tayari ana kazi na analipwa kidogo. Mwingine hana mwajiri kabisa, au angekuwa naye kama kazi ingekuwepo. Tusipowatenganisha hawa wawili, mjadala utaendelea kuzunguka pale pale.

Kwanza tuone kima chenyewe kinawekwaje, maana hata hapo pana mkanganyiko. Rais anapotangaza nyongeza kwenye sherehe za Mei Mosi, mara nyingi anazungumzia watumishi wa umma, watu anaowalipa mwenyewe kutoka Hazina. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025, kima cha chini cha serikalini kilipotangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mlinzi wa kampuni binafsi, mhudumu wa baa na mfanyakazi wa shamba la maua hawakuguswa na tangazo hilo. Wao wanasubiri amri ya mshahara ya sekta binafsi, inayotolewa na waziri mwenye dhamana ya kazi kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, baada ya bodi ya mishahara kukaa na wawakilishi wa waajiri na wafanyakazi. Amri hiyo imegawanyika kwa sekta: madini ina kima chake, ulinzi chake, shule binafsi chake, kilimo chake, kazi za nyumbani chake. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025, ya kuanza kutumika Januari 2026, ilielezwa kwa wastani: kutoka 275,060 hadi 358,322. Wastani huo unajumuisha benki na migodi. Hausemi lolote kuhusu dada wa kazi, ambaye mstari wake ndio wa chini kabisa kwenye jedwali.

Kenya wamepanga kwa namna nyingine. Amri yao ya jumla hugawanya nchi kwa miji: Nairobi na miji mikubwa mwenzake juu, manispaa katikati, kwingineko chini. Na mfanyakazi wa nyumbani yumo katika mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana. Baada ya nyongeza ya asilimia 12 iliyotangazwa Mei Mosi ya 2022, mstari huo kwa Nairobi ulikuwa shilingi 15,201 za Kenya. Kwa thamani ya wakati ule hizo ni takriban shilingi 300,000 za Tanzania, mara tano ya kile ambacho amri ya Bara ilikuja kumpa anayelala kwa mwajiri.

Je, dada wa Nairobi anaishi mara tano vizuri kuliko dada wa Dar es Salaam? Muulize yeyote aliyefanya kazi hizo Kayole au Eastleigh. Wengi hulipwa chini sana ya kiwango hicho, na wanaowalipa ni watu wa kawaida wanaojua au wasiojua kwamba wanavunja sheria. Bara kima kipo chini kiasi kwamba kukifikia si kazi. Nairobi kipo juu kiasi kwamba wengi hawajaribu hata kukifikia. Namba iliyo kwenye gazeti la serikali na pesa inayoingia mkononi ni vitu viwili, na umbali kati yake ni sehemu ya mjadala huu ambayo hotuba huiruka.

Sasa twende kwenye hoja yenyewe ya uchumi. Hoja ya wanaopinga ni rahisi kueleweka: ukipandisha bei ya kitu, watu hununua kidogo, na kazi nayo hununuliwa. George Stigler, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1946 kwamba mshahara wa chini ukiwekwa juu ya thamani ya kile mtu anachozalisha, mwajiri atamwacha. Wenye ujuzi mdogo kabisa ndio wataachwa kwanza, yaani wale wale tuliotaka kuwasaidia.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inadhani kwamba waajiri ni wengi, wanagombania wafanyakazi, na mfanyakazi akikosewa anavuka barabara kwenda kwa mwingine. Joan Robinson wa Uingereza alionyesha tangu 1933 kwamba mambo hubadilika pale mwajiri anapokuwa peke yake, au wachache. Mwajiri wa namna hiyo hulipa chini ya thamani ya kazi kwa sababu anajua huna pa kwenda. Hapo kima cha chini kinaweza kupandisha mshahara bila kupunguza kazi hata moja, kwa kuwa nyongeza hiyo inatoka kwenye faida ya ziada ya mwajiri tu.

Ushahidi uliokuja kutikisa mabishano hayo ulitoka New Jersey. Aprili 1992 jimbo hilo lilipandisha kima kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, huku Pennsylvania, jimbo jirani, likibaki palepale. David Card na Alan Krueger walifuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Hawakuona ajira ikipungua New Jersey kwa kulinganisha na jirani. Wachumi wengine, David Neumark na William Wascher, walirudia kazi hiyo kwa kumbukumbu za mishahara na wakafikia jibu tofauti. Mabishano hayajaisha, ingawa Card alipewa Nobeli mwaka 2021 kwa sehemu ya kazi hiyo. Wengi leo wanakubaliana kwamba nyongeza za wastani katika nchi tajiri hazileti ule mporomoko wa ajira uliotabiriwa.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji tuwe waangalifu. Mgahawa wa New Jersey una mashine ya risiti, una orodha ya wafanyakazi, unakatwa kodi kila mwezi. Mwajiri akipandishiwa kima ana njia chache: apunguze faida, apandishe bei, apunguze watu au saa, au afanye kazi iende kwa ufanisi zaidi. Huku kwetu ana njia moja zaidi, na ndiyo inayotumika kuliko zote: halipi. Anaendelea kulipa alichokuwa analipa, na hakuna anayekuja kuuliza. Kwa hiyo tukisikia kwamba nyongeza fulani Afrika Mashariki haikupunguza ajira, inabidi kwanza tujiulize kama ilipandisha mshahara.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka Afrika Kusini, na unafundisha zaidi kuliko wa Marekani. Mwaka 2002 walipowawekea wafanyakazi wa nyumbani kima cha chini kwa mara ya kwanza, watafiti waliona mishahara ikipanda, na hawakuona dalili ya wazi ya ajira kupungua, ingawa ukaguzi ulikuwa hafifu. Mwaka 2003 wakaweka kima cha mashambani. Mishahara ikapanda huko pia, lakini ajira ya mashambani ikapungua. Nchi moja, karibu mwaka mmoja, matokeo mawili. Tofauti yake inaeleweka ukifikiria kazi zenyewe. Huwezi kununua mashine ya kumbembeleza mtoto, kupika, kufua na kumsindikiza mzee hospitali vyote pamoja. Shambani unaweza kununua trekta, unaweza kubadilisha zao, unaweza kuuza shamba kwa jirani mkubwa.

Sisi wenyewe tuliupitia mtihani huo zamani, na nasikitika kwamba hautajwi kabisa tunapobishana kila Mei Mosi. Nazungumzia mkonge.

Kabla ya uhuru, mashamba ya mkonge ya Tanga na kando ya reli ya kati yalitegemea manamba: wanaume waliosajiliwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi, wakasafirishwa kwa mkataba na kurudishwa muda ulipokwisha. Chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi maalumu ya kuwatafuta, iliyojulikana kama SILABU. Ujira ulikuwa wa mtu mmoja. Wakoloni walidhani, na ilikuwa nafuu kwao kudhani hivyo, kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la nyumbani, kwa hiyo mwanamume anahitaji tu kula na kulipa kodi. Familia ya kijijini ndiyo iliyokuwa ikifidia mshahara uliopungua.

Baada ya uhuru, bodi ya mishahara iliyoongozwa na Donald Chesworth ilipendekeza kima cha chini cha nchi nzima, na kikaanza kutumika Januari 1963. Wazo lilikuwa kuondoa ujira wa mtu mmoja na kuweka mshahara ambao mtu anaweza kuishi nao na familia yake. Ni wazo la haki, na vyama vya wafanyakazi vya wakati ule vilikuwa vimelipigania kwa migomo.

Wenye mashamba wakajibu. Walipunguza usajili wa manamba, wakabaki na wafanyakazi wa kudumu wachache wanaofanya kazi zaidi kwa siku, wakapanga upya vipimo vya kukata na kusafisha mkonge. Uzalishaji haukushuka. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa tena, huku idadi ya wafanyakazi ikiwa tayari inapungua. Baada ya hapo nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, na kwa kilichofuata mshahara hauwezi kulaumiwa. Lakini ile miaka miwili ya kwanza, kabla bei haijaanguka, ni ushahidi mzuri kuliko hadithi nyingi.

Nani alifaidika? Mfanyakazi aliyebaki. Alilipwa zaidi, alikaa na familia, watoto wake walisoma shule ya karibu na shamba. Nani alipoteza? Kijana wa Kigoma au Songea ambaye mwaka 1961 angepanda lori, akafanya kazi msimu, akarudi na baiskeli na bati. Huyu hakufukuzwa kazi. Hakuna aliyemhesabu, kwa sababu hakuwahi kufika. Ndiyo maana ni vigumu sana kuona hasara ya kima cha chini. Anayepata nyongeza ana jina, ana chama, anaweza kusimama jukwaani. Aliyekosa nafasi ambayo haikufunguliwa hata yeye mwenyewe hajui kwamba kuna kitu alikikosa.

Serikali ya Nyerere ililiona hilo. Mwaka 1967 ilikubali ushauri wa mtaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, H. A. Turner, kwamba mishahara ya mijini isikimbie mbali na kipato cha wakulima. Azimio la Arusha, mwaka huo huo, lilionya kwamba tusipoangalia, wanyonyaji wanaweza kugeuka kuwa sisi watu wa mijini tunaoishi kwa jasho la wakulima. Mtu anaweza kukataa sera zilizofuata, na mimi nyingi nazikataa, lakini swali lile lilikuwa sahihi: unapompandishia aliye na ajira rasmi, aliyeko kijijini anapata nini?

Kericho, nchini Kenya, leo wanaishi mfano ule ule. Vyama vya wafanyakazi wa mashamba ya chai wamepigania mishahara kwa miaka, hadi mahakamani, na kampuni zimejibu kwa mashine za kuchuma. Mei 2023 wananchi wenye hasira walizichoma moto baadhi ya mashine hizo. Sidhani kwamba mshahara peke yake ndio ulioleta mashine. Lakini mwenye shamba anapopiga hesabu, kila nyongeza inaisogeza mashine karibu.

Kwa hiyo nani hasa ni maskini? Kwa Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Vijijini walikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Walio wengi kati yao ni wakulima wadogo, wavuvi, wafugaji, wajane wanaolea wajukuu. Kaya hizo hazina hati ya mshahara. Mijini nako, mamantilie, machinga na dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu jioni hawana mwajiri wa kuamriwa. Kenya, takwimu za serikali huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ziko sekta isiyo rasmi. Ukisema unapambana na umaskini kwa kima cha chini, umewaacha hao wote nje kabla hujaanza.

Hata hivyo picha hiyo haijakamilika, na hapa natofautiana na wachumi wanaoishia hapo. Mlinzi wa Mikocheni na dada wa Sinza wana watu kijijini. Mwisho wa mwezi hutuma pesa kwa simu: ya mbolea, ya sare, ya dawa za mama. Nyongeza ya elfu ishirini kwa dada wa Sinza inaweza kuwa debe la mahindi Singida. Na nyongeza ya mlinzi huishia gengeni kwa mtu asiye na ajira. Maskini wale wawili niliowatenganisha mwanzo wana damu moja, na pesa hupita kati yao. Kima cha chini humfikia wa pili kwa kupitia wa kwanza, ila polepole, na kwa yule tu mwenye ndugu mjini.

Kuna njia nyingine ya kumsaidia, nayo ni kumpa pesa moja kwa moja. Wengi huicheka. Watasema watu watakunywa pombe, watabweteka. Ushahidi tulio nao unatoka jirani tu, Kaunti ya Siaya nchini Kenya. Shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kwa zaidi ya kaya 10,000, katika eneo lenye vijiji 653, na watafiti wakapima kila kitu: chakula, biashara, bei za sokoni. Kila dola iliyoingia ilizaa takriban dola mbili na nusu za shughuli katika uchumi wa eneo lile, kwa kuwa aliyepokea alinunua kwa jirani, jirani akamlipa fundi, fundi akanunua unga. Bei zilipanda kwa sehemu ndogo sana, chini ya asilimia moja. Hata kaya ambazo hazikupewa ziliongeza matumizi.

Tanzania ina TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, unaochanganya ruzuku na ajira za muda kwenye miradi ya vijiji. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ililipa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, na baadaye ikaongeza. Kenya ina Inua Jamii, ruzuku ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, na malipo yakichelewa huumiza, lakini njia hiyo inamfikia mtu asiye na bosi.

Mbona basi wanasiasa hupenda kima cha chini kuliko ruzuku? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni nani anayelipa. Ruzuku inatoka kwenye bajeti, na bajeti ina barabara, deni na mishahara ya watumishi. Kima cha chini cha sekta binafsi hulipwa na mwajiri na wateja wake. Serikali hutangaza bila kutoa senti, na hata huongeza mapato pale mshahara unapovuka 270,000, kiwango ambacho kodi ya mapato huanza kukatwa Bara. Na huyo mwajiri anayelipa si lazima awe tajiri. Mwajiri wa dada wa kazi mara nyingi ni nesi, mwalimu, karani, mwanamke ambaye bila mtu wa kubaki na mtoto hawezi kwenda kazini. Ukimpandishia mshahara wa dada mara tatu kwa usiku mmoja, mmoja kati ya wanawake hao wawili atarudi nyumbani. Ndiyo maana vituo vya mchana vya kulelea watoto, vyenye ada ambayo karani anaimudu, ni sehemu ya mjadala huu wa mshahara hata kama havitajwi kwenye amri.

Baada ya kuyaweka yote mezani, mimi nasimama wapi? Nataka kima kipande, na nataka kipande kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, bila kusubiri sherehe. Kukaa miaka tisa na nusu kisha kuruka ghafla ni vibaya kwa pande zote: mfanyakazi anakatwa kimyakimya kila mwaka, na mwajiri anashtukizwa. Nyongeza ndogo inayotabirika haimpi mwenye shamba sababu ya kukimbilia mashine, na haimwachi dada akinyauka. Juu ya hapo, mstari wa kazi za nyumbani usogezwe hatua kwa hatua hadi ukaribiane na mingine. Hakuna sababu ya haki inayofanya kulea mtoto wa mtu kuwe na thamani chini ya nusu ya kuuza dukani kwake. Chakula na kitanda ni kitu, lakini anayelala kazini pia huamshwa usiku.

Lakini nisingeita hilo mpango wa kuondoa umaskini. Ni sheria ya haki kazini, kama sheria ya kutompiga mfanyakazi. Kazi ya kupunguza umaskini wa kijijini ifanywe na vitu vinavyomgusa mtu wa kijijini: ruzuku inayofika kwa wakati, pensheni ya wazee, bei ya mazao, barabara ya kutoa mahindi, zahanati isiyomfilisi mtu.

Na mambo hayo mawili hukutana mahali ambapo wabishani wengi hawapatazami. Fikiria msichana aliyemaliza darasa la saba katika kijiji kilichokosa mvua. Shangazi anakuja na habari kwamba kuna mama mmoja Dar anatafuta dada, atalipa elfu thelathini. Sheria inasema iwe zaidi. Nani atamwambia hilo, na akiambiwa, atafanya nini? Nyumbani ghala ni tupu. Atakubali. Amri ya waziri haimpi nguvu yoyote, kwa kuwa nguvu ya mfanyakazi ni uwezo wa kusema hapana na bado kula kesho. Sasa weka mahindi ghalani, au bibi anayepokea pensheni kila mwezi. Mama yake anaweza kumwambia shangazi kwamba kwa pesa hiyo mtoto haendi. Shangazi atampigia simu yule mama wa Dar, na elfu thelathini itaanza kupanda bila afisa kazi kugonga mlango wa mtu. Ruzuku ya kijijini, kwa hiyo, hupandisha mshahara wa mjini kwa namna ambayo amri peke yake haiwezi. Na amri nayo inasaidia hapo: inampa mama wa msichana namba ya kuanzia mazungumzo. Brazil wameliona hilo kwa miaka mingi, ambapo hata waajiri wasio rasmi hutumia kima cha chini cha taifa kama kipimo cha kulipia, ingawa hakuna anayewakagua.

Kwa aliyekwisha kufika mjini, zipo haki ambazo tayari zimeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Aliyelipwa pungufu anaweza kufungua lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinapokea wafanyakazi wa majumbani. Tatizo ni kwamba mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wenye nyumba wakishalala, siku saba kwa wiki, hawezi kufika kwenye ofisi yoyote kati ya hizo, na siku 60 huisha akiwa jikoni.

Kwa hiyo ningeulizwa tuanze wapi na kazi za nyumbani, ningeanza na siku ya mapumziko kabla ya namba. Mwajiri anaweza kuitoa wiki hii bila kuongeza shilingi. Dada mwenye Jumapili yake huenda kanisani au kwa ndugu, hukutana na wenzake wa mtaa, na huko huambiana kila mmoja analipwa ngapi na nyumba gani inatafuta mtu. Akirudi Jumapili jioni anajua bei ya kazi yake, na mama mwenye nyumba naye anajua kwamba anajua.